Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Nairobi, Kwa Nini Si Kwetu?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja: kwa nini kampuni za teknolojia na wafanyakazi wake wanarundikana Nairobi, na sehemu nyingine zifanye nini. Tumechagua sita.

Nyaya za intaneti kutoka ng'ambo zinatua hapa Mombasa. Sisi ndio tulio mlangoni. Mbona kampuni zinaturuka na kwenda kufungua ofisi bara? — Msomaji, Kisauni

Ndugu yetu, kuhusu nyaya umesema kweli. SEACOM ilitua Mombasa Julai 2009. TEAMS, iliyovutwa kutoka Fujairah huko Imarati, iliwashwa mwaka huo huo, na EASSy ikafuata 2010. Kabla ya hapo nchi nzima ilitegemea satelaiti zinazokaa juu ya ikweta, kwenye kimo cha karibu kilomita 36,000. Ombi lako hupanda na kushuka, kisha jibu nalo hupanda na kushuka: kilomita 144,000 hivi. Hiyo ni karibu nusu sekunde, na hapo hujahesabu muda wa kompyuta zenyewe. Anayesoma barua pepe haoni shida, lakini anayefanya kazi siku nzima kwenye seva iliyoko London anateseka.

Sasa piga hesabu ya faiba, yaani waya wa kioo unaopitisha mwanga. Mwanga ndani ya kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi kwa barabara, basi kwenda na kurudi ni milisekunde 5, yaani sehemu tano za elfu za sekunde. Ongeza vifaa vya njiani, tuseme zifike 10. Kutoka Nairobi hadi London na kurudi huchukua milisekunde 150 hivi. Faida ya kukaa ufukweni ni hizo 10 tu, na hakuna mwajiri atakayehamisha ofisi kwa ajili yake. Waya uliofika Mombasa umefika Nairobi pia.

Wanaofaidika na ufukwe ni wenye vituo vya data, ndiyo maana kampuni kama iColo imejenga Mombasa. Lakini kituo cha data kimejaa mashine. Kikishajengwa, kinaendeshwa na walinzi, mafundi wa umeme na wa vipoza hewa, na wataalamu wachache wa mtandao. Usitegemee kiajiri mtaa mzima.

Kilichowavuta watu Nairobi ni watu wenzao. Kituo cha kubadilishana data cha KIXP, ambako watoa huduma wa Kenya hupeana data bila kuizungusha ng'ambo, kilianzishwa Nairobi mwaka 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wakati huo, ilipinga, kikafungwa, kisha kikafunguliwa tena 2002. Mabishano yale yaliwakutanisha wahandisi wa mitandao ambao baadaye walikuwa uti wa mgongo wa sekta. Machi 2007 Safaricom ikazindua M-Pesa, na kila duka, benki na shule ikahitaji mtu wa kuunganisha malipo na vitabu vyake vya hesabu. Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT kule Juja na Strathmore vilikuwa vikitoa wahitimu kila mwaka. Machi 2010 iHub, ukumbi wa pamoja wa watu wa teknolojia, ikafunguliwa kando ya barabara ya Ngong, watu hawa wakapata pa kukaa pamoja na kujuana kwa majina.

Hapo ndipo penye siri, na tungependa uishike kuliko mengine yote katika ukurasa huu. Mhandisi wa programu akikosana na mwajiri wake Nairobi, anatafuta kazi nyingine bila kuhama nyumba wala kuwatoa watoto shuleni. Mwajiri naye akiondokewa na watu watatu kwa mpigo, anapata wengine wenye uzoefu mjini humo humo. Pande zote mbili zina pa kuangukia. Katika mji wenye waajiri wawili tu wa aina hiyo, mfanyakazi akiachishwa kazi ameupoteza mji mzima, na kwa kuwa analijua hilo mapema, haji.

Mombasa isishindane na Nairobi kwa benki na malipo. Mna mteja ambaye Nairobi haina: bandari ya Kilindini. Mawakala wa forodha, wenye malori, maghala ya makontena, wenye meli, wote wanapoteza siku kwa karatasi zisizolingana na mizigo inayosubiri. Mtu anayetengeneza programu ya kazi hiyo anahitaji kuwa karibu na geti la bandari kila wiki, amwone karani anavyoandika, aelewe kwa nini fomu ile ile inajazwa mara tatu. Hilo halifanyiki kwa simu kutoka Westlands, Nairobi. Kampuni tano za aina hiyo zikisimama, zitakuwa zinanyang'anyana wafanyakazi, na mji utakuwa umeanza kuvuta.

Dar es Salaam ina watu wengi kuliko Nairobi, ina mkongo wa baharini, na M-Pesa ilifika kwetu 2008. Je, tunaangushwa na lugha? — Msomaji, Sinza

Lugha inalaumiwa kuliko inavyostahili. Kwa idadi ya watu uko sahihi: sensa ya 2022 iliipa Dar watu milioni 5.38, ile ya Kenya ya 2019 iliipa Nairobi milioni 4.4. Tena kuna jambo ambalo Dar ilitangulia: kutuma pesa moja kwa moja kutoka mtandao mmoja wa simu kwenda mwingine kulianza Tanzania 2014, wakati Kenya Safaricom na Airtel waliunganishwa 2018. Anayeandika programu Sinza anasoma maelekezo yale yale ya Kiingereza anayosoma mwenzake wa Kilimani, Nairobi.

Tofauti kubwa ni mahali mkataba unapotiwa saini. Makao makuu ya UNEP na UN-Habitat, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na makazi, yako Gigiri, Nairobi, na kuyazunguka kuna mashirika na kampuni zenye bajeti ya nchi kumi au zaidi. Anayeuza programu kwa wateja wa namna hiyo anataka kufika ofisini kwao kwa nusu saa. Ndege nazo zina uzito: meneja wa kanda anayetakiwa Kampala Jumanne na Kigali Alhamisi anakaa penye safari nyingi za moja kwa moja. Baada ya hapo kampuni moja huvuta nyingine. IBM ilifungua maabara ya utafiti Nairobi 2013, Microsoft ikaanzisha kituo chake cha uhandisi 2019, na Google ikatangaza chake 2022. Kila moja ilikuta wafanyakazi walioandaliwa na waliotangulia.

La pili ni kanuni zinazobadilika ghafla. Mwaka 2018 Tanzania iliweka leseni na ada hata kwa wenye blogu. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, ikapunguzwa Septemba ya mwaka huo huo. Mwenye mtaji anaweza kuvumilia kodi kubwa. Kinachomshinda ni kodi asiyoweza kuiweka kwenye hesabu ya miaka mitatu. Kenya nayo haikusalimika: kodi ya huduma za kidijitali ya asilimia 1.5 ilianza Januari 2021, na mwishoni mwa 2024 ikabadilishwa na kodi ya aina nyingine.

Na kwa kila mwenye ofisi Dar: kumbukeni tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipoharibika pamoja upande wa kusini. Waliokuwa na njia moja tu walisimama. Unaponunua laini ya pili, muulize mtoa huduma trafiki yake inapita mkongo gani na kuelekea upande gani. Kampuni mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa zinakodi waya ule ule.

Konza imeandikwa tangu nikiwa shuleni. Mbona haijai? — Msomaji, Machakos

Serikali iliidhinisha mradi huo wa mji wa teknolojia 2008, ekari 5,000 kule Malili, kilomita 60 hivi kutoka Nairobi, na Rais Mwai Kibaki akauzindua ujenzi Januari 2013. Barabara za ndani, maji na majitaka vilichelewa kwa miaka, na ukanda wa kilomita 10 kuzunguka mji, ambako wenye ardhi walizuiwa kujenga watakavyo, ulizua mvutano mkubwa. Lakini hata mambo hayo yangekwenda vizuri, kungebaki swali la mke au mume. Mfanyakazi wa teknolojia mara nyingi ana mwenzi mwenye kazi yake, labda hospitali au benki. Konza ikimpa mmoja kazi na mwingine akose, familia inabaki Nairobi, na kilomita 60 kwenda na 60 kurudi kwenye msongamano wa Mombasa Road humchosha mtu ndani ya mwaka. Ndiyo maana vyuo vinavyowekwa pale, kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilichopata hati 2023, tunavipa tumaini zaidi kuliko majengo ya ofisi. Chuo huleta vijana wasio na cha kuhamisha isipokuwa sanduku.

Kaunti yetu ilijenga kituo cha ubunifu, kompyuta 30, intaneti, rangi nzuri. Baada ya miezi minane wanaokuja ni wanafunzi wa kupakua filamu. Nimekabidhiwa kukisimamia. Nianzie wapi? — Msimamizi, magharibi mwa Kenya

Dada, asante kwa kutuandikia kwa uwazi, na usivunjike moyo, maana kosa hili limefanywa kaunti nyingi. Jengo lilinunuliwa kabla ya kazi kupatikana.

Anza na umeme, kwa sababu bila huo mengine hayasimami. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake hula wati 150 hivi, na 30 ni kilowati 4.5. Laptopu hula kama wati 60, kwa hiyo 30 ni kilowati 1.8. Ukiwa na betri zinazotoa kilowati-saa 9, kompyuta za mezani zitadumu saa 2, laptopu saa 5. Kama kaunti itakubali kubadilisha, badilisha. Kama haitakubali, gawanya saketi: meza 10 ziwe kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri, pamoja na ruta ya mtandao, 20 zizimike umeme ukikatika. Wengi huunganisha kompyuta zote na kusahau ruta, wakabaki na mashine zinazowaka bila intaneti.

Kisha pima intaneti kwa mwelekeo wa kupakia. Kikao cha video kinahitaji kama megabiti 3 kwa sekunde kwenda na 3 kurudi. Watu 15 wakiwa vikaoni pamoja ni 45 kila upande. Huduma nyingi hutangazwa kwa kasi ya kupakua, ya kupakia ikawa ndogo sana, na hapo ndipo sauti zinapokatika. Omba namba zote mbili ziandikwe kwenye mkataba. Weka laini ya pili ya kampuni nyingine isiyopita kwenye nguzo zile zile, maana lori likiangusha nguzo moja litakata zote mbili. Mara moja kwa mwezi, chomoa laini kuu kwa makusudi asubuhi ya kazi uone kama ya pili inashika. Filamu zipunguze kwa kuweka kikomo cha kasi kwa kila kifaa kwenye ruta, usiwafukuze wanafunzi. Hao ndio watu wenu wa miaka mitano ijayo.

Saa za kufunga ni kosa la tatu. Kituo kinachofungwa saa kumi na moja jioni kinamfungia nje mtu unayemtaka kuliko wote: kijana wa kwenu aliyeajiriwa na kampuni ya Nairobi au ya nje, anayetamani kuishi nyumbani karibu na wazazi, na ambaye vikao vyake ni usiku. Mpe meza, mlango wenye kufuli, mlinzi na taa mpaka saa sita usiku, umtoze ada ndogo ya mwezi. Wawili au watatu wa namna hiyo ni mali kubwa kuliko semina kumi, kwa sababu kijana anayejifunza atakuwa na mtu wa kumuuliza kwenye meza ya pili. Wanaojifunza bila mkubwa wa kuwasahihisha huiga makosa ya wenzao, na mwajiri huyaona siku ya kwanza ya usaili.

La nne ndilo gumu. Mteja mkubwa kuliko wote katika kaunti yako ni kaunti yenyewe. Tafuta kazi moja ndogo yenye mwisho: hesabu ya dawa katika zahanati kumi, au ada za soko moja. Ipe kundi la watu watatu, miezi sita, malipo yagawanywe kila kazi inapokaguliwa. Kabla ya kutia saini, pata ahadi ya idara ya fedha kwamba ankara italipwa ndani ya siku 30. Serikali za kaunti zina historia mbaya ya madeni yasiyolipwa, na kampuni changa yenye akiba ya miezi miwili hufa ikisubiri malipo yanayokuja baada ya miezi minane. Mkishindwa kulipa kwa wakati, hakuna punguzo la kodi litakalomleta mtu.

Na mkiulizwa bajeti ijayo, msiombe kompyuta nyingine 30. Ombeni mishahara ya wataalamu wawili wenye miaka saba au zaidi kazini, kwa mkataba wa miaka miwili, na pesa za intaneti za muda huo huo.

Nimepata kazi Nairobi, Ksh 150,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mimi ni Mtanzania. Nitabaki na ngapi, na nijihadhari na nini? — Msomaji, Arusha

Hongera. Kwa viwango vya 2025, hesabu inakwenda hivi. NSSF, akiba ya uzeeni, ilichukua 4,320. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, yaani 4,125. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani 2,250. Jumla 10,695, na hizo huondolewa kabla ya kodi ya mapato, kwa hiyo kinachotozwa kodi ni 139,305. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani 2,400. Zinazofuata 8,333 hutozwa asilimia 25, yaani 2,083. Zilizobaki 106,972 hutozwa asilimia 30, yaani 32,092. Jumla 36,575, ondoa nafuu ya mkaazi 2,400, kodi ni 34,175. Kwa viwango hivyo, mkononi ungebaki na Ksh 105,130 hivi. Viwango vya NSSF hupanda kwa hatua, basi mwombe mwajiri akuandikie makato ya mwezi utakaoanza.

Ukivuka mpaka wa Namanga utapewa ruhusa ya mgeni kwa urahisi kama raia wa Afrika Mashariki, lakini hiyo si ruhusa ya kufanya kazi. Kibali kipatikane kabla ya siku ya kwanza kazini, na mwajiri ndiye mwenye kuomba, kwa mtandao. Kama anakuambia "anza tu, karatasi zitafuata", msihi asubiri, maana atakayesumbuliwa ni wewe. Utahitaji pia PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya.

Soma kichwa cha mkataba. Kama umeandikwa mshauri au mkandarasi huru badala ya mwajiriwa, utakatwa asilimia 5 tu ukiwa mkaazi, utafurahi, kisha mwaka unaofuata utatakiwa kulipa kodi iliyobaki kwa mkupuo kufikia Aprili 30, na kuwasilisha ritani kufikia Juni 30. Hutakuwa na NSSF ya mwajiri wala siku 21 za likizo ambazo sheria ya ajira inampa mwajiriwa. Ukikubali mkataba huo, dai pesa zaidi na utenge theluthi ya kila malipo.

Kuhusu nyumba kuna habari njema kwa aliyezoea kulipa miezi sita mbele: Nairobi kwa kawaida hutakiwa kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja. Mshahara huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo njoo na kodi ya miezi miwili, chakula na nauli za siku 35. Chagua nyumba kwa kupanda matatu saa moja asubuhi kutoka hapo hadi kazini kabla hujalipa.

Nimeitwa Nairobi kwa kazi ya "kukagua maudhui" ya mtandao wa kijamii kwa Kiswahili. Ni teknolojia kweli? — Msomaji, Bujumbura

Ni kazi ya kweli, na imekuja Nairobi kwa sababu zile zile: mji una watu wanaojua lugha nyingi, intaneti imara, na mishahara iliyo chini ya ile ya Ulaya. Lakini utatazama mauaji, ukatili na picha za watoto wanaoumizwa, kwa saa nyingi. Mei 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyefanya kazi hiyo Nairobi, alizishtaki Meta, kampuni yenye Facebook, na Sama, kampuni iliyomwajiri, kuhusu mazingira ya kazi, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa humo nchini.

Kabla ya kusafiri, taka majibu ya maandishi. Je, tangazo na mkataba vinataja wazi aina ya picha utakazotazama? Ni dakika ngapi za mapumziko kwa kila saa? Kuna mshauri wa kisaikolojia aliyesajiliwa, na unamwona ndani ya saa za kazi au baada yake? Kibali chako kinategemea mwajiri huyu peke yake, na ukiacha kazi nani analipa nauli ya kurudi? Ukiambiwa kwamba karatasi ya usiri inakukataza kumweleza hata daktari wako unachotazama, usiitie saini.